Namba Tatu Haitwi

3 Februari

Kwa Namba Tatu,

Marahaba. Najua hujanisalimia bado, lakini nimejibu mapema ili tusipoteze muda.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu wewe hubaniki. Nikikuuliza jambo la maana, ghafla mtandao unasumbua. Unaniambia "haloo, haloo" kwa sauti safi kabisa, halafu kimya. Karatasi haina mtandao, kwa hiyo utaisoma mpaka mwisho, na mimi nitakaa hapa hapa chumba cha mbele kwenye cherehani yangu nikisubiri jibu.

Habari ni hii. Tarehe 28 Aprili Baba angetimiza miaka sabini na sita, na siku hiyo ni Jumapili. Mama ameamua tule chakula cha mchana nyumbani, sisi watoto wake wanne, kisha waje wanafunzi wa Baba wa zamani na walimu wenzake waliobaki. Amesema hataki kilio. Maneno yake haya: "Tangu tumzike Oktoba nimelia vya kutosha, macho yamechoka. Siku hiyo nataka kucheka mpaka nishike mbavu." Kila mtoto ataandika ukurasa mmoja wa kumkumbuka Baba, na wageni watasomewa. Namba Mbili ameshaleta wake. Kaka yetu anang'oa meno ya watu bila kutetemeka, lakini mwandiko wake unatetemeka utadhani yeye ndiye aliyekaa kwenye kile kiti. Namba Nne ameahidi kuandika akitoka zamu ya barabarani.

Wangu nimeuanza hivi. Usicheke.

"Mwalimu alifundisha miaka thelathini na minane, na hakuwahi kuanza kipindi bila kuita mahudhurio. Akiwa nyumbani mkono ulikuwa unamwasha. Basi akanunua daftari la pili la mahudhurio, la familia, akawa anatuita mezani kabla hatujagusa chakula. Hakutuita kwa majina. Alisema darasani ana majina themanini ya kukumbuka, nyumbani aachwe apumzike. Mimi nikawa Namba Moja, anayenifuata Namba Mbili, mpaka kitinda mimba wetu, Namba Nne. Mama, aliyekuwa karani wa posta, aliandikwa mstari wa juu kabisa: Mwalimu Mkuu. Kazini Baba hakuwahi kukipata cheo hicho, na alisema hakukiomba kwa kuwa nyumbani kwake kilikuwa na mwenyewe. Yeye alijiandika mstari wa mwisho, 'Mwalimu', akawa anajiita kwa sauti na kujiitikia mwenyewe: 'Nipo!'

"Tulipokuwa watu wazima mahudhurio yakabaki ya Jumapili mchana tu. Aliyekuwepo alipata tiki. Asiyekuwepo alipata X nyekundu, na X hiyo ilidai maelezo ya maandishi. Kulikuwa pia na herufi R, yaani ruhusa, lakini hiyo tuliisikia kwa masikio tu. Namba Mbili alipovunjika mguu aliomba ale kitandani. Baba alikwenda akambeba mgongoni, mguu wa plasta umetangulia mbele, ukaangusha saa ya ukutani, akamkalisha kitini na kumwekea tiki."

Imekaaje? Mwisho nimeukosa, lakini utakuja.

Sasa sikiliza. Daftari hilo Mama hajalifungua tangu Oktoba. Amelifungia kabatini na ufunguo ameufunga kwenye ncha ya leso yake. Anasema litafunguliwa siku tutakapokaa mezani sote wanne, kabla ya hapo asisumbuliwe. Mimi, Mbili na Nne tupo. Umebaki wewe tu.

Njoo, Tatu. Miaka tisa inatosha. Kwenye mazishi treni ya siku mbili isingekuwahisha, lakini sasa una wiki kumi na mbili.

Dada yako,
Namba Moja


16 Februari

Kwa dada,

Shikamoo. Ile ya kwanza uliyojiitikia sikuihesabu.

Mimi mzima. Kazi nyingi. Joto la huku limepanda, kila friji ya mji huu imeamua kufa mwezi mmoja. Ndiyo maana sidhani kama nitaweza kuja tarehe hiyo. Ni safari ya siku mbili kwa treni kwenda, siku mbili kurudi, na wateja hawana subira. Mwambie Mama namsalimu sana, nitampigia mwisho wa mwezi kama kawaida.

Lakini ukurasa wangu huu hapa. Usibadilishe neno.

"Namba Nne alipozaliwa, Mama alilazwa hospitali wiki tatu. Nilikuwa na miaka minne, na kazi yangu nyumbani ilikuwa kushika kitana. Baba alikuwa amepewa mtihani mgumu kuliko yote: kumsuka Namba Moja nywele za kwendea shule. Alikuwa hajawahi kusuka hata ukambaa. Basi Jumapili alileta ubao mdogo sebuleni, akachora kichwa cha dada yangu kama kinavyoonekana kutoka juu, akakigawa kwa mistari kwa kutumia rula, akakitazama muda mrefu, kisha akaanza. Alisuka kwa saa nne. Kila msuko ulinyooka barabara. Tatizo ni kwamba yote ilielekea mbinguni.

"Jumatatu asubuhi dada alikataa kutoka nje. Baba akamshika mkono, wakaingia wote kwenye geti la shule, na kila mtoto aliyecheka aliambiwa kwa upole: 'Huu ni mtindo wa jiometri. Wewe bado hujaufikia.' Kufika Ijumaa wasichana wawili walikuja nyumbani kuomba wasukwe jiometri. Mama aliporudi kutoka hospitali alikuta foleni."

Hiyo ndiyo picha yake ninayotaka kubaki nayo. Yaliyofuata kati yangu na yeye yaacheni yalale.

Mdogo wako


1 Machi

Kwa mdogo wangu mwenye friji nyingi,

Nimecheka mpaka nikajichoma sindano. Nilikuwa nimeyasahau mambo ya jiometri, na sasa nakumbuka jinsi ngozi ya kichwa ilivyonivuta, nyusi zikapanda, nikashinda wiki nzima na uso wa mtu aliyeshtuka.

Mama naye alicheka. Lakini kabla ya kucheka alifanya yale mambo yake ya posta. Aliiweka barua yako kiganjani, akaipima, akaipandisha na kuishusha, akasema: "Hii ni karatasi mbili na uongo mmoja." Kisha akaifungua, akaikung'uta juu ya kitambaa cheusi nilichokuwa nakishona, na kikaanguka kivumbi cheupe. Nikadhani ni unga. Mama akakigusa kwa kidole, akakinusa. Akaniangalia. Kisha akaenda zake jikoni huku akiimba.

Kuwa muwazi, Tatu. Friji siku hizi zinatengenezwa kwa chaki?

Halafu hiyo karatasi yenyewe. Ina miraba midogo midogo, imechanwa kwenye daftari la hesabu, na nyuma yake umesahau kufuta: "Zoezi la 6. Chora mzunguko wa gesi. Alama 20." Mteja gani huyo anayepewa zoezi?

Na sababu zako za kutokuja hazisimami. Mwaka jana uliniambia mwezi wa nne, mvua zikinyesha, wateja wa friji hupungua. Sasa tena ni mwezi wa wateja? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kama kuna kitu kimekukaa rohoni, kiseme.

Nikupe habari za Namba Nne upoze moyo. Ukurasa wake ameuleta, nao una mistari sita kwa kuwa yeye huandika kila kitu kama ripoti ya ajali. Anaeleza siku alipomkamata Baba. Unaikumbuka? Hapana, ulikuwa umeshaondoka. Baba alivuka barabara pasipo na kivuko, amebeba vitabu, na askari wa zamu alikuwa mwanawe. Alimpigia filimbi, akamsimamisha pembeni, akamhutubia dakika tano mbele za watu. Baba alirudi hapa ana furaha isiyo kifani. Wiki nzima kila aliyebisha hodi alisimuliwa: "Namba Nne hana upendeleo! Hata mimi!" Fundi viatu wa jirani alisimuliwa mara tatu, akawa akimwona Baba anajifungia ndani.

Mtu wa namna hiyo ndiye unayemkimbia? Nijibu.

Namba Moja


12 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua hii soma peke yako, uichane, na usimwambie Mama.

Umenishika. Ninafundisha. Chuo cha ufundi cha hapa, nyuma ya karakana nilipoanzia kazi. Ni miaka mitatu sasa. Fundi mkuu aliugua akaniomba nimshikie darasa wiki mbili, na wiki mbili hizo hazijaisha. Nina vijana ishirini na sita. Asubuhi ya kwanza nilisimama mbele yao, sijui nianzie wapi, nikausikia mdomo wangu wenyewe unasema: "Mahudhurio." Wakatulia. Nikawaita kwa namba, dada. Namba moja mpaka ishirini na sita. Nilitoka nje baadaye nikaegemea ukuta nikacheka peke yangu.

Na ninaipenda kazi hii. Hilo ndilo linaloniuma. Siku ile ya ugomvi wewe hukuwepo, ulikuwa umekwenda kununua vitambaa. Baba aliniletea fomu ya chuo cha ualimu, ameijaza yote kwa mkono wake, imebaki sahihi yangu tu. Nilimwambia: "Nitatengeneza friji za watu mpaka nife, lakini chaki sishiki." Hakupandisha sauti. Aliikunja ile fomu vizuri, akaniambia: "Basi unaondoka bila ruhusa yangu." Nikaondoka. Sasa ningerudi nikamwambie nini, kwamba nimeyala matapishi yangu na yamenikaa vizuri? Nilikuwa napanga maneno. Kila mwaka nilisema mwaka huu. Tukisalimiana kwenye simu ilikuwa "Hujambo", "Sijambo", "Mama yupo?", kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki.

Lakini kisa hasa si hicho. Mwaka wa pili baada ya kuondoka nilipiga simu Jumapili mchana. Mama alipokea, sufuria ikamchemkia, akaiweka simu mezani akakimbilia jikoni. Nikasikia viti vinavutwa. Nikasikia daftari linafunguliwa, nikaijua hata sauti ya lile jalada. Nikaibana simu sikioni kwa furaha. Baba akaanza: "Mwalimu Mkuu." Mama akajibu toka jikoni. "Namba Moja." Ukasema nipo. "Namba Mbili." Akasema nipo. "Namba Nne."

Akaniruka. Hakusita hata kidogo. Hakusema hayupo. Mtoto asiyekuwepo angalau huitwa, akikosa kuitikia ndiyo apate X. Mimi hata X sikustahili. Nilikata simu, na tangu siku ile nikajua nimefutwa.

Kwa hiyo msinilazimishe kuja kulifungua daftari hilo mbele za watu. Mama anadhani atafurahi. Nitakaa mezani, ukurasa utafunguliwa, na mahali pa Namba Tatu patakuwa pamepigwa mstari. Nampenda Mama kuliko kumfanyia hivyo siku yake ya kucheka.

Chana hii barua.

Tatu


20 Machi

YAH: RUHUSA YA NAMBA TATU

Mwanangu,

Barua yako ya "usimwambie Mama" nimeisoma. Dada yako aliiacha chini ya kitambaa akaenda dukani kununua uzi. Nimefanya kazi posta miaka thelathini sikufungua barua ya mtu hata moja, na nimestaafu, sheria zile hazinihusu tena.

Kwanza, hongera kwa kazi. Nilikuwa najua tangu ile chaki.

Pili, nikuambie ukweli wangu. Miaka tisa nilikaa meza moja na baba yako nikiwa na kinyongo naye. Kila Jumapili nilimsikia akikuruka, na kila Jumapili nilinyamaza nikapakua chakula. Nilikuwa namwekea kijiko kimoja pungufu, ndiyo adhabu niliyoiweza. Ndugu zako nao walisikia, wakaogopa kuuliza. Hakuna aliyeruhusiwa kulishika lile daftari. Alilishika mwenyewe, amelinyanyua mbele ya kifua kama walimu wanavyofanya, tusione. Ufunguo ninao tangu Oktoba na sikulifungua, na sababu niliyompa dada yako haikuwa ya kweli yote. Niliogopa kilekile unachokiogopa wewe.

Nilipomaliza kusoma barua yako niliona haya. Mtu mzima, naogopa daftari. Nikafungua kabati.

Hujafutwa, mwanangu. Uliondoka Jumamosi. Jumapili iliyofuata, mbele ya Namba Tatu, imeandikwa R. Jumapili ya pili, R. Nimezihesabu kwa kidole na mate kama nilivyokuwa nahesabu stempu: Jumapili mia nne na hamsini na mbili, na R zote zimo, wino wa bluu, hakuna X hata moja. Mtu aliyekataa kumpa ruhusa mwenye mguu wa plasta, wewe alikupa ruhusa ya miaka tisa, tena akaitoa usiku mmoja tu baada ya kukunyima.

Nikajiuliza, sasa mbona hakukuita? Nikageuza jalada. Ndani yake ameandika kanuni za daftari kwa mkono wake, nne. Tatu za kwanza unazijua. Ya nne hii, nainakili kama ilivyo: "Mwenye R haitwi. Kuita ni kutafuta, na huyu inajulikana alipo." Hatukuijua kanuni hiyo kwa kuwa hapakuwahi kuwa na mwenye R. Tumeteseka wote watano kwa sababu ya kanuni moja iliyokaa kimya ndani ya jalada. Nimecheka, nikalia, nikacheka tena, na dada yako alinikuta sakafuni akadhani nimeanguka.

Kuna jingine. Pembeni mwa kila R pana nafasi ya kuandika sababu. Mwanzoni kote ameandika: "Amekwenda kujifunza friji." Kisha, miaka mitatu iliyopita, mwezi Juni, sababu inabadilika. Panasomeka: "Anafundisha." Na kuanzia hapo mpaka Jumapili yake ya mwisho, neno ni hilohilo.

Unakumbuka siku uliyopiga simu katikati ya wiki, akapokea yeye? Mimi naikumbuka. Alinipa simu akiwa na uso wa ajabu, akatoka nje, akaizunguka nyumba mara mbili mikono nyuma, anatabasamu. Nilimuuliza kuna nini, akasema: "Nimesikia kengele nyuma yake. Na kuna mtu kamwita Mwalimu." Nikadhani anaota kazi yake ya zamani. Nikamwambia aende akakate kuni. Kumbe alikuwa anasubiri umwambie mwenyewe, na wewe ulikuwa unasubiri maneno. Vichwa vigumu wawili, mmetoka kiwanda kimoja.

Basi. Treni ipo. Chumba chako nimekitandika. Uje na chaki yako.

Mama yako,
Mwalimu Mkuu

Dada yako hakuichana barua yako. Msilaumiane.


30 Machi

Mama,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni mwa karakana, halafu nikaisoma nimekaa, halafu vijana wakaja kuuliza kwa nini somo halianzi. Nikawaambia mwalimu ana habari njema, apewe dakika kumi. Nilizitumia zote nyuma ya lile friji kubwa la duka la nyama, nikilia kama mtoto. Wanafunzi wangu ni watu wa adabu, walijifanya wanakagua nyaya za umeme.

Nakuja. Nitafika Ijumaa tarehe 26 mchana. Nimeomba ruhusa kwa mkuu wa chuo, na nimewaomba vijana pia. Wamenipa kwa kura, ishirini na tano kwa moja. Yule mmoja anasema nimwachie zoezi.

Mama, alijua miaka mitatu. Sijui kama nifurahi au nijipige kofi. Leo nimechagua kufurahi, kofi litakuja lenyewe.

Mpakulie kijiko alichopunjwa.

Mwanao,
Namba Tatu


5 Mei

Kwa Mwalimu wa friji,

Marahaba, na pole na safari. Nadhani sasa umefika na umeshawapa vijana wako zoezi la saba.

Nyumba imepoa tangu uondoke, ila vicheko bado vimo kwenye kuta. Fundi viatu amekuja asubuhi hii kuuliza kama ni kweli Namba Mbili aliusoma ukurasa wake mwenyewe akakwama kwenye mwandiko wake mwenyewe. Nikamwambia alikwama mara nne, na mara ya nne akaomba miwani ya Mama. Wale wasichana wawili wa jiometri umewaona? Mmoja ana wajukuu. Alipoinuka na kuushika utosi wake, akasema "bado panavuta hapa", Mama alishika mbavu kweli, kama alivyoagiza.

Lakini nataka nikuandikie mambo ya mezani, kabla wageni hawajafika, kwa sababu kuna kitu hukukiona.

Mama alipokupa daftari na kalamu, akasema mwalimu aliyebaki katika nyumba hii ni wewe, nilikuona ukifuta viganja kwenye suruali. Ulilinyanyua mbele ya kifua vilevile kama yeye. Ukaita: "Mwalimu Mkuu." Mama akasema nipo, kwa sauti ya kusikika barabarani. Ukaniita, nikaitikia. Ukamwita Mbili, akaitikia na chakula mdomoni, ukamkazia macho akameza akaitikia upya. Halafu ukafika kwenye mstari wako ukaisimamisha kalamu. Namba Nne alitaka kukusaidia, nikamkanyaga mguu. Ukasema: "Namba Tatu." Ukajijibu: "Nipo." Sijawahi kusikia meza ikipigwa vile. Bilauri mbili zimepasuka na hakuna aliyezifagia mpaka jioni.

Ukamwita Nne. Ukabaki mstari wa mwisho, wa "Mwalimu". Sote tuliinamisha vichwa tukisubiri. Tukakuona unaandika kitu kifupi, ukalifunga daftari, ukasema: "Tuleni." Hukumwita.

Nakiri niliumia. Nikajiambia, Tatu ameshindwa, au bado ana donge lake. Sikukuuliza kwa sababu ulikuwa unacheka, na Jumatatu asubuhi ukapanda treni.

Jana nilikuwa napima kitambaa cha mapazia, Mama akaliweka daftari juu ya cherehani, mbele yangu. Akasema: "Fungua uone mdogo wako alichofanya." Nikafungua. Tiki tano, zimepangana vizuri. Na chini yake, kwenye mstari wa Baba, kwa wino wa bluu, umeandika R.

Nililia, Tatu, sikufichi. Kitambaa cha mteja kimelowa, nitamwambia ni mvua.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni. Akasema: "Ruhusa katoa nani? Katika nyumba hii mwenye kutoa ruhusa ni mimi, na sikuombwa." Nikadhani amekasirika. Akavuta kiti, akavaa miwani, akachukua kalamu yangu ya kuchorea mitindo. Akaitazama ile R muda mrefu, anaipapasa kwa kidole. Kisha pembeni yake, kwenye nafasi ya sababu uliyoiacha wazi, akaandika kwa ule mwandiko wake wa posta: "Amemaliza zamu. Imekubaliwa." Akasaini: Mwalimu Mkuu. Akapuliza wino ukauke, akanirudishia kalamu, akaenda kupika.

Ufunguo sasa haupo tena kwenye leso. Daftari linakaa juu ya meza ya chakula, na kuita nimekabidhiwa mimi. Kwa hiyo tuelewane mapema. Jumapili ukipiga simu, Mama akaiacha mezani akakimbilia sufuria, ukanisikia natoka Namba Mbili naingia Namba Nne, usikate.

Dada yako,
Namba Moja